Barza yetu: wavu wa mbu ao vioo?



Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano wa kundi la Katuba, mama mmoja alituonyesha simu yake. Dada yake mdogo anaishi Kanada, na alimtumia picha ya chumba cha vioo kilichoungwa mbele ya nyumba: jua linaingia, kuna maua, kuna kiti kirefu, mzee mmoja anakunywa chai. Chini ya picha dada aliandika kwamba atatuma feza ili barza ya mama yao ijengwe vilevile, mama asisikie tena baridi mwezi wa sita. Lakini yule mama wa Katuba alikuwa na wazo lingine. Zamu yake ya likelemba ilikuwa karibu kufika, na alitaka kufunga barza ileile kwa wavu wa mbu, kwa sababu wajukuu wawili wanaolala kwa nkambo yao wanapatwa na malaria kila majira ya mvua. Barza ni moja, na feza hazitatoka mara mbili. Akatuuliza: tufanye nini?

Hatukumjibu palepale. Tulitaka kwanza kumsimulia mambo yaliyotupata sisi wenyewe, na hayo si mambo ya kusimulia mtu akiwa amesimama njiani na kikapo mkononi. Ndiyo maana tunaandika leo.

Tuanze na picha ile. Tulikaa nayo vizuri, tukamwomba yule mama amwulize dada yake maswali mawili matatu. Jibu lilifika usiku. Kule Kanada watu wana vitu viwili tofauti. Kuna barza iliyozungushwa wavu, ambayo wanakaa ndani yake wakati wa joto juu ya kukimbia mbu, na baridi ikifika wanaiacha, wanaweka baiskeli mule. Na kuna chumba cha vioo cha kukaa mwaka mzima. Kile cha pili ndicho kilikuwa katika picha. Lakini kioo chake ni cha tabaka mbili, hewa katikati. Chini ya sakafu na juu ya dari waliweka kitu cha kuzuia baridi. Na ukutani kuna chombo cha kupasha moto, kinachofanya kazi mchana na usiku. Picha ilionyesha vioo. Haikuonyesha kinachopasha moto.

Hapa kwetu Lubumbashi fundi atakujengea nini? Atakuwekea vyuma, vioo vya tabaka moja vya milimeta 4, na juu yake mabati matupu, pengine bila plafon. Hicho si chumba cha Kanada. Ni kitu kingine ambacho kinafanana nacho kwa macho tu, na wamama tunaolipa tunapaswa kujua jambo hilo mbele ya kutoa feza.

Sasa tuangalie mwaka wetu, kwa sababu nyumba inajengwa kwa hali ya hewa ya pahali inaposimama. Mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka bahari. Ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba usiku unakuwa baridi kweli, chini ya digrii 10 siku zingine, na asubuhi watoto wanafika masomo wakiwa wamekunja vidole ndani ya mikono ya triko. Upepo wa majira yale unatoka zaidi upande wa kusini-mashariki na unaleta vumbi jekundu. Kisha inakuja miezi ya tisa na ya kumi, joto linapanda. Mwezi wa kumi na moja mvua inashika kabisa mpaka mwezi wa tatu, na mbu wanakuja pamoja nayo. Basi hesabuni wenyewe: baridi inayouma ni kama miezi miwili na nusu, na hata ndani ya miezi hiyo ni usiku na asubuhi, saa sita mchana kila mtu anatafuta jua nje. Mbu na joto wanachukua sehemu kubwa ya mwaka iliyobaki.

Nyumbani kwetu barza ina meta 4 mbele na meta 2 kwa ubavu. Upande mwingine ni ukuta wa chumba cha kulala. Mbele inaangalia kaskazini. Nkambo, maana yake mama ya baba watoto, ndiye mwenye barza. Sisi wengine tunapita tu. Pale anachambua maharagwe, anapokea wageni, anaangalia nani amepita na nani hakusalimia. Baba watoto ndiye alileta wazo la vioo, zamani kabla ya picha yoyote kutoka Kanada, kwa sababu jirani mmoja alikuwa amejenga. Nkambo akasema: «Munataka kuniweka mu kabati?» Tulicheka. Feza hazikuwa, na habari ikaishia pale.

Lakini mwezi wa saba wa mwaka uliofuata baridi ilizidi, na sisi tukafanya kabati bila kulijua. Tulinunua bashi la plastiki, lile zito, tukalipigilia misumari kuzunguka barza yote, kutoka mbao za juu mpaka ukuta mfupi wa chini. Mlango tukauwekea blanketi. Tulijisifu sana! Upepo ulikuwa hauingii hata kidogo. Jioni moja umeme ulikatika, na badala ya kuingia katika saloni ya giza, watu walibaki barzani na taa ya betri. Binti yetu mkubwa alikuwa na kazi ya masomo. Nkambo alikuwa akimenya karanga. Mtoto wa mwisho, ambaye alikuwa na miaka 4, alilala juu ya miguu yake. Tulileta mbabula. Hatukuileta na moshi, wamama, sisi si wajinga: tuliiwasha nje, tukangoja mpaka makala yote yawe mekundu na moshi uishe, ndipo tukaiingiza. Tulifikiri moshi ukiisha hatari pia imeisha.

Kisha muda, karibu saa moja, binti alisema kichwa kinamwuma. Tulimwambia ni juu ya taa ndogo. Kisha Nkambo akasema anasikia kichefuchefu, akasimama, akaketi tena, akatapika. Tulifikiri ni samaki wa mchana. Tulijaribu kumwamsha mtoto ili tumwondoe katika matapishi, na hakuamka vizuri. Alifungua macho, akayafunga. Pale ndipo tuliogopa, lakini hata wakati ule tuliogopa malaria. Tulikuwa tukitafuta karatasi yake ya kituo cha afya wakati jirani yetu, ambaye ni muuguzi, alifika kwa sababu ya kelele. Aliinua blanketi la mlango, akaona mbabula, hakuuliza kitu. Alipiga yowe: tokeni nje wote, sasa hivi! Alimchukua mtoto yeye mwenyewe. Baba watoto akampasua bashi kwa kisu.

Mtoto aliamka njiani, katika hewa ya baridi, akalia. Hatujawahi kufurahia kilio namna ile. Walimwangalia kwenye kituo cha afya pamoja na Nkambo, na tulirudi asubuhi. Nkambo alibaki na maumivu ya kichwa siku mbili. Ilikuwa ni hayo tu. Jirani alituambia baadaye kwamba angekuwa zamu usiku ule, hangekuwa nyumbani.

Makala yanayowaka yanatoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa vizuri, kwa sababu hakuna kitu cha kukuonya. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Alama zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na watu wa nyumba moja wanashikwa pamoja. Hilo la mwisho mlishike: malaria haianzi kwa watu watatu ndani ya saa moja. Mkiona vile, kwanza watu watoke nje, kisha mfungue kila kitu, kisha kituo cha afya. Msianze kutafuta dawa mkiwa bado mule ndani.

Tunasimulia haya kwa sababu chumba cha vioo ni bashi letu, lakini zuri zaidi na la bei kali zaidi. Mtu anajenga vioo juu ya baridi. Vioo vya tabaka moja vinapoteza joto haraka jua likishuka, na saa moja ya usiku chumba kinakuwa baridi karibu kama nje. Atafanya nini? Chombo cha kupasha moto cha umeme kinataka umeme usiokatika, na tunajua wenyewe. Ataleta mbabula. Hata akisema leo kwamba hataleta, mwezi wa saba nkambo akitetemeka, mtu ataileta. Na si lazima awe mtu mzima. Anaweza kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayempenda nkambo yake.

Tena kuna madirisha. Katika nyumba zetu nyingi dirisha la saloni na la chumba cha mbele yanafunguka barzani. Ukifunga barza kwa vioo, vyumba vile vinapumua hewa ya barza tu. Vinakuwa na giza na joto, na kilicho barzani kinaingia mule watu wanapolala. Mafundi hawasemi jambo hilo. Wao wanahesabu vioo.

Sasa wavu. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na wanaokufa zaidi ni watoto wadogo. Mbu anayeleta malaria anauma zaidi kuanzia jioni mpaka mapambazuko, maana yake saa zilezile watoto wanapokaa barzani wakingoja bukari, wakiandika kazi ya masomo, wakisikiliza hadithi. Chandarua cha kitandani kinawalinda wakilala. Lakini kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu za usiku nani anawalinda? Huko Gambia wataalamu walijaribu katika nyumba nyingi kuweka wavu kwenye milango na madirisha na kuziba nafasi kati ya ukuta na mabati. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Katika nyumba ambazo hazikuguswa, watoto 19 kwa kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizofungwa wavu kabisa, 12. Wale walifunga nyumba nzima, si barza peke yake, na ndiyo maana tunawaomba mwangalie pia nafasi iliyo juu ya ukuta wa vyumba: mbu anapenda kuingia pale, na barza nzuri haitamzuia. Chandarua cha kitandani kinabaki palepale, msikitoe hata usiku mmoja.

Tulipoamua wavu nyumbani kwetu, binti yetu alifanya hesabu kwenye daftari, na tunaiweka hapa kwa sababu wamama wengi wanaibiwa kwenye meta. Barza ilikuwa wazi meta 4 mbele na 2 kwa ubavu, jumla meta 6. Ukuta mfupi wa chini una sentimeta 90, na kutoka pale mpaka boriti ya juu ni meta 1.30. Sita mara 1.30 ni 7.80, basi mtu anasema nitanunua meta 8 za wavu. Hapana. Wavu tulioupata sokoni una upana wa meta 1, na unahitaji kukunjwa pande zote chini ya vibao vyembamba, la sivyo unachomoka wiki ya pili. Tuliondoa sentimeta 80 za mlango, zikabaki meta 5.20. Seremala aliweka miti ili zitoke nafasi 6, kila moja chini kidogo ya sentimeta 87. Kila nafasi ilikula wavu wa meta 1.40. Sita mara 1.40 ni 8.40. Mlango tuliuwekea tripleksi upande wa chini, kwa sababu watoto wanafungua mlango kwa mguu, na wavu juu tu, meta 1.30. Jumla 9.70. Tulinunua meta 10, na zile sentimeta 30 zimekwisha kuwa viraka vitatu. Kimoja ni kazi ya paka.

Tundu za wavu zisizidi milimeta moja na nusu. Kama unaweza kupitisha kichwa cha kiberiti, mbu pia atapita. Wavu wa chuma usiopakwa kitu unashika kutu mvua ya kwanza. Ule wa plastiki ni wa bei ndogo, lakini jua linaukausha na unapasuka, hasa upande wa magharibi. Sisi tulichukua ule wa nyuzi za kioo zilizofunikwa na plastiki, wa kijivu. Unanyumbuka, na ukiwa ndani unaona nje vizuri kuliko kwenye wavu mweupe. Mlango ufunguke kwenda nje, mbu waliokaa juu yake wafukuzwe nje, si ndani. Uwekewe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili ujifunge wenyewe. Barza yenye wavu na mlango unaobaki wazi ni mtego wa mbu: wanaingia, hawatoki.

Na vioo? Meta 8 za mraba za kioo cha milimeta 4 zina uzito wa kilo 80, bila kuhesabu vyuma. Ukuta mfupi wa matofali mabichi unaweza kupasuka chini ya mzigo ule. Kioo kimoja kikivunjwa na mpira, nafasi yake haitengenezwi kwa uzi na sindano. Na mbele ya vioo karibu kila mtu anaongeza vyuma juu ya wezi, kwa hiyo bei ambayo fundi alikupa siku ya kwanza si bei ya kweli. Mwombeni aandike vyote kwenye karatasi moja: vioo, vyuma, rangi, simenti, usafiri, mikono.

Hatutaki kuwadanganya kwamba wavu hauna shida. Vumbi la mwezi wa nane linapita, tunafagia mara mbili kwa siku, na wavu wenyewe unajaa mpaka unakuwa mwekundu. Tunausugua kwa brosi laini na maji ya sabuni kabla ya mvua. Mvua ya upepo inapita pia. Mwaka wa kwanza daftari za watoto wawili zililowa, na tulilazimika kurefusha mabati ya mbele. Mtu ambaye barza yake haina mabati yanayotoka nje ya ukuta, aanze na mabati, wavu utafuata. Na kwa baridi wavu haufanyi kitu kabisa. Upepo unaucheka.

Kwa baridi tulirudia bashi, lakini kwa akili nyingine. Lile lililopasuliwa tulilishona, tukalikata vipande viwili, kila kimoja kimeshonewa mti chini ili kikunjwe kama mkeka. Upande wa ubavu, unaoangalia mashariki, upepo unapogonga, kinashuka mpaka ukuta wa chini. Mbele kinashuka nusu tu, na juu yake hewa inapita siku zote. Asubuhi tunakunja cha mbele. Mwezi wa sita jua letu liko upande wa kaskazini, kwa sababu mji wetu uko kusini mwa ikweta, basi linaingia lenyewe mpaka ndani, mpaka kwenye miguu ya Nkambo, bila kioo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi jua linapita juu ya kichwa kabisa, na mabati yanazuia. Barza inayoangalia magharibi haina bahati hiyo. Ile ukiifunga vioo, jioni ya mwezi wa kumi itakuwa tanuru la mikate.

Mbabula inabaki nje, kando ya mlango wa jikoni. Nkambo ana blanketi la pili na chupa ya maji moto iliyofungwa ndani ya kitambaa, anaiweka chini ya miguu. Anasema inampendeza kuliko mbabula kwa sababu haimrukii cheche kwenye kikwembe.

Kuna nyumba ambapo tungeshauri vioo? Zipo. Kama barza ina plafon, kama angalau nusu ya vioo inafunguka na imewekewa wavu, kama vyumba vya nyuma vina dirisha lingine la nje, na kama kuna mgonjwa wa kifua ambaye vumbi linamtesa kuliko mbu. Tunamjua mama mmoja wa Kampemba aliyefanya hivyo juu ya mume wake, na alifanya vizuri. Lakini yeye aliweka vioo upande mmoja tu, pale vumbi linapotokea, kwa madirisha ya zamani aliyoyanunua kwenye nyumba iliyobomolewa. Upande mwingine ni wavu. Baba anakaa pale asubuhi yote.

Jambo moja bado, na hili si la fundi. Barza yenye wavu, mtu anayepita njiani anaona kuna watu, anasalimia, anaingia. Tulipokuwa na kilio mwaka uliopita, wamama walijaa barzani mpaka kwenye ngazi, na aliyekosa nafasi alikaa nje akiimba pamoja na walio ndani, sauti haikukatika. Yule jirani yetu wa vioo ana saloni mbili sasa. Watu wanasimama kwenye mlango wa parseli wakipiga simu kwanza.

Siku ya tatu yule mama wa Katuba alimpigia dada yake wa Kanada. Hatukuwepo, anatuambia mazungumzo hayakuwa matamu. Dada alifikiri kwamba anakataliwa zawadi, kwamba mama anaachwa katika baridi juu ya uchoyo wa feza za wavu. Ni vigumu kwa mtu aliye mbali. Anaona mama yake katika simu amejifunika vikwembe viwili, na anataka kumaliza jambo lile kwa mara moja. Yule mama alimsimulia habari ya mbabula yetu, kwa ruhusa yetu. Dada alinyamaza sana. Kule kwao, akasema, kila nyumba ina kidude kidogo ukutani kinacholia hewa ile ikiingia. Yeye hakuwahi kujiuliza kinalia kwa sababu gani.

Sasa wamemwuliza mama yao mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza. Amesema anataka wavu, plafon kama feza za Kanada zinatosha, na kiti chenye mgongo mrefu kama kile cha picha. Vioo hapana, kwa sababu anauza vitumbua barzani na wateja wake ni watoto wa masomo. Wakiona kioo wataogopa kuvunja.

Kundi la Katuba linapima barza yake siku ya posho saa tatu. Mwenye meta ya chuma ailete, ile ya kushonea inanyooka na inadanganya. Daftari ya hesabu ya binti yetu itakuwepo, anayetaka anakili.